Fundi wa ramu aliyepoteza sauti tatu za wifi yake

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minane anatandika shuka jeupe juu ya meza ya chakula. Hangoji wageni. Analitandika ili skrubu ikimponyoka aione.

Juu ya shuka ameiweka kompyuta kuukuu ya mezani, imefunguliwa ubavu, nyaya zake nje. Pembeni kuna bisibisi tatu, brashi ya kupakia rangi na kifutio cha penseli cha mtoto wa shule. Mbele yake ameketi kinyozi mmoja, kofia mapajani, kama mtu aliyeitwa polisi.

"Haya, imba," mama anamwambia.

"Niimbe hapa hapa, mama?"

"Sasa unataka twende wapi? Si umesema inakwama ukiimba? Nitajuaje inakwamia wapi kama huimbi?"

Kinyozi anakohoa, anatazama dari, anaanza. Ni wimbo wa mapenzi, na sauti yake si mbaya. Anarekodi sauti ya kwanza, anairudia ya pili juu yake. Akifika ya tatu kompyuta inaanza kukwaruza, sauti inakatika vipande vipande, picha kwenye kioo inaganda. Kinyozi naye anaganda, mdomo wazi.

"Funga mdomo, nzi wataingia," mama anasema. "Nimeshajua. Ramu yako ndogo."

Wateja wanamwita Mama Skrubu. Kazi yake ni kompyuta za watu wanaorekodi muziki nyumbani: vinyozi, walinzi, washonaji, walimu, watu wasio na uwezo wa kulipia studio. Kompyuta wanazonunua ni zile zilizotupwa na maofisi. Zinaandika barua vizuri tu, lakini ukizipa sauti nne za kubeba kwa pamoja zinalala.

Ramu ni kijiti chembamba, kirefu kama kalamu, chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Ndicho kinachoipa kompyuta nafasi ya kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Mtu hanunui kompyuta mpya, anaongezewa kijiti, basi.

Mama Skrubu anashika kwanza nondo ya dirisha, ili umeme mdogo wa mwilini uondoke usije ukaunguza kijiti. Anayasugua yale meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, anapuliza, anakikandamiza kijiti kwenye sloti yake hadi kilie tak upande huu na tak upande ule. Tak moja haridhiki nayo.

Lakini kabla ya hayo yote, anamgeukia kinyozi tena.

"Nyimbo zako umeziweka wapi?"

"Zimo humo, mama."

"Humo wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Kinyozi anaonyesha folda moja. Mama anatikisa kichwa. Anamfungulia folda nyingine iliyojificha mbali kabisa, anamsikilizisha kila sauti iliyomo, anazinakili zote kwenye flashi mbili, kisha anazisikiliza upya kutoka kwenye flashi. Inachukua nusu saa nzima. Kinyozi anatazama saa, anasema ana wateja wanaomngoja.

"Nywele za wateja wako zitaendelea kuota," mama anamjibu. "Tulia."

Mafundi wengine hawana mlolongo huo. Hata yeye hakuwa nao. Ameuanza wiki sita zilizopita, na ukimuuliza sababu anakifumbata kile kifutio kiganjani, kisha anasema, "Niulize mwenyewe. Usiwaulize watu."

*

Hakuzaliwa fundi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, chumba kimoja na wapiga chapa wenzake kumi. Siku moja zikaletwa kompyuta nne, na wakubwa wakasema sasa ni zama mpya. Wale kumi na mmoja wakaitwa ukumbini, wakapigiwa makofi, kila mmoja akapewa cheti na saa ya ukutani.

"Saa yenyewe haikuwa na betri," anasema, anacheka hadi machozi. "Mume wangu akaniambia, wamekupa saa ambayo haitaki kwenda, kama wao."

Mafao ya wapiga chapa yalichukua miaka minne kutoka. Mkubwa aliyetia saini waachishwe kazi alikuwa ameshapanda vyeo viwili. Ndivyo mambo yalivyo. Anayekuondoa kazini hata jina lako halijui, na wewe la kwake utalikumbuka mpaka unaingia kaburini.

Alijifunza kwa kufungua kompyuta iliyotupwa nyuma ya ofisi ile ile, akaibeba kichwani mpaka nyumbani. Ilimchukua miezi saba kuiwasha. Leo kwa wiki anatengeneza mashine nne, tano ikiwa wiki nzuri. Kijiti kimoja cha ramu kinauzwa sawa na kodi ya chumba kwa mwezi, kwa sababu wapanga ushuru wameamua kuwa ni kitu cha anasa. Wanafanya mikutano ya kukuza vipaji vya wananchi, kwenye kumbi zenye kiyoyozi, na mwananchi mwenye kipaji hatakiwi hata kusimama mlangoni.

Mumewe ni fundi magodoro. Ni mtu wa maneno machache, mwenye nyuzi za pamba kwenye nyusi tangu asubuhi hadi jioni. Mkewe akimjaribia mtu kipaza sauti, mume hazungumzi. Anakwenda jikoni, anachomoa waya wa friji ili isingurume, anarudi, anaketi. Hakuna aliyemwomba. Wapo wanaume wanaojua mambo hayo kwa wakati wake. Wengine huyajua wakati hakuna tena wa kuchomolewa friji.

Mume huyu ana dada mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye wifi.

*

Wifi na fundi wametaniana kwa miaka thelathini. Wifi anamwita fundi "mwizi wa kaka yangu". Fundi anamjibu, "Nikurudishie? Njoo na gari, ni mzito."

Mwalimu huyo anafundisha kwaya ya mtaa, watu ishirini na sita. Hakuna hata mmoja anayesoma noti. Wanajifunza kwa masikio, kila kundi kutoka kooni mwa mwalimu. Anawaimbia sauti ya kwanza, ile ya juu ya wanawake. Anawaimbia ya pili na ya tatu. Hata besi anaiimba kwa sauti yake ya kike, wanaume wanaishusha wenyewe.

Mwaka jana koo lilianza kumkwaruza. Daktari akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Akamwambia ni lazima upasuliwe, na kwamba baada ya hapo sauti inaweza kurudi, inaweza kurudi si ile, au isirudi.

Akapangiwa tarehe. Ikaahirishwa, mashine ya usingizi imeharibika. Ya pili ikaahirishwa, mashine bado. Ya tatu pia, na wiki hiyo hiyo mkubwa wa hospitali alisafiri nje kwenda kung'olewa jino. Miezi minane mwalimu alikuwa akitembea na mfuko wenye kanga mbili na mswaki, tayari kulazwa.

Katika kusubiri huko akapata wazo. Angerekodi sauti zote nne za wimbo aliokuwa ameutunga, ili kwaya ijifunze hata kama yeye hatakuwa na sauti ya kuwafundisha. Wimbo unaanza hivi: *Nifungulie dirisha, nisikie mnakuja, miguu yenu naijua, kila mmoja na wake.*

Wiki tano alirekodi chumbani kwake kwa kompyuta iliyokuwa ya ofisi ya shule. Ilikuwa inamkwamia kila kiitikio, kwa hiyo alirekodi mstari mmoja mmoja, anapumzika, anarudia. Akamaliza besi, akamaliza ya tatu, akamaliza ya pili. Ikabaki sauti ya kwanza, ya kwake mwenyewe hasa. Hapo kompyuta ikagoma kabisa.

Jumatano akampelekea wifi yake.

"Mwizi wa kaka yangu, niongezee hiyo ramu. Inasinzia kuliko wanafunzi wangu."

Fundi alikuta mashine ina ramu ya giga mbili tu. Akaiongezea kijiti cha giga nane. Akawasha, kompyuta ikaonyesha tatu. Akachomoa, akasugua, akarudisha, tatu. Akajua kwamba mfumo uliomo ni wa zamani, hauwezi kuona zaidi ya hapo hata ukiujazia vijiti kumi. Ilibidi apige windo upya, yaani afute kila kitu na kuweka mfumo mpya.

Akanakili kwenye flashi folda iliyoandikwa jina la wimbo. Akafuta. Akaweka mfumo mpya. Kompyuta ikaamka ikiwa na ramu yake yote kumi, nyepesi kama mpya. Akairudisha Alhamisi, akaringa.

Ijumaa mchana hospitali ikampigia mwalimu simu. Mashine ya usingizi imepona. Aingie wodini Jumapili, apasuliwe Jumatatu. Miezi minane walimweka, kisha wakampa siku mbili.

*

Jumamosi saa nne asubuhi, umeme uliporudi, watu watatu walikuwa chumbani kwa mwalimu. Kaka mtu alikuwa amesimamisha magodoro mawili ukutani kuzuia mwangwi. Mwalimu alikuwa amekunywa maji ya moto, kitambaa shingoni. Fundi ndiye aliyefungua wimbo.

Mistari mitatu ikatokea kwenye kioo. Majina yote yapo, besi, ya tatu, ya pili. Lakini ndani ya mistari hakukuwa na ile milima midogo midogo inayoonyesha kuna sauti. Ilikuwa mitupu. Juu yake programu ikaandika kwamba sauti hazikupatikana.

"Nilijua palepale," anasema fundi.

Alichokuwa amenakili ni ramani ya wimbo. Ramani inasema nani aanze lini, nani aingie wapi. Sauti zenyewe programu ile huziweka kwenye folda nyingine, kule mbali, na folda hiyo hakuigusa. Aliifuta kwa mkono wake.

"Mbona umenyamaza?" mwalimu akamuuliza. "Si ulisema inakimbia kama imeiba? Ipige basi tusikie."

"Wifi."

"Nini?"

"Nimezifuta."

"Umefuta nini?"

"Sauti zako. Zote tatu. Nilinakili folda moja, zilikuwa mbili. Ni mimi, wifi. Si mashine, si umeme. Ni mimi."

Kaka mtu aliinama akashika kona ya godoro, kana kwamba linaanguka. Halikuwa linaanguka.

Mwalimu aliketi kitandani. Fundi anasema alingoja atukanwe, na angefurahi kutukanwa. Badala yake mwalimu aliuliza, taratibu, kama anayemuuliza mwanafunzi hesabu, "Haziwezi kurudi?"

"Nitajaribu, lakini nimeandika juu yake mfumo mzima. Sikudanganyi. Hazirudi."

"Wiki tano, wewe mwanamke."

"Najua."

"Daktari kaniambia nisiongee hata na kuku."

"Najua, wifi yangu."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Mwalimu akafungua kitambaa shingoni, akakifunga upya.

"Hiyo ramu uliyoweka," akasema, "inaweza kunishika wimbo mzima? Mwanzo hadi mwisho bila kunikata?"

"Inaweza. Hiyo naiapia."

"Basi dakika nne mara nne. Hata nikikosea ni saa moja. Saa moja ninayo." Akasimama. "Kaka, chomoa friji. Na wewe mwizi, futa machozi, yatadondokea mashine."

Fundi akamsihi aanze na sauti ya kwanza, ile ya juu, koo likiwa bado na nguvu. Mwalimu akakataa. Akasema wanawake wa sauti ya kwanza wamemzoea miaka, hata kwa ishara ya mkono wataipata.

"Wanaume ndio wagumu," akasema. "Ukiwaacha besi bila kitu cha kushika, watakwenda kununua sigara."

Akaanza na besi. Akaimba wimbo mzima kwa mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, kompyuta haikumkatiza. Alipomaliza aligeuka, akamtazama wifi yake kwa mshangao wa furaha, kama mtu aliyefunguliwa kiatu kilichombana. Hakusema neno. Alikuwa anaweka akiba.

Akaimba ya tatu huku akijisikia mwenyewe masikioni akiimba besi. Akaimba ya pili juu ya hizo mbili. Hapo sauti ilishaanza kuota miba. Fundi akamwonyesha kwa mkono, basi, inatosha. Mwalimu akamwonyesha kwa mkono, nenda huko.

Ya kwanza ilimshinda kwenye mstari wa tatu. *Miguu yenu naijua.* Pale panapopanda, hakikutoka kitu, pumzi tupu. Akajaribu tena, pumzi. Kaka yake akageukia ukuta, akaweka paji la uso kwenye godoro.

"Endelea kurekodi," mwalimu akanong'ona. "Usizime."

Akauimba wote kwa mnong'ono. Maneno yote, mahali pake, kwa pumzi yake, bila sauti ndani. Kipaza sauti kilinasa hata midomo yake inavyogusana. Mnong'ono ule ukakaa juu ya zile sauti tatu, na ramu ikazibeba zote nne bila kukwaruza hata mara moja.

Mara hii fundi alinakili folda zote mbili, kwenye flashi nne. Moja aliifunga kwenye pindo la kanga akalala nayo.

*

Mwalimu alipasuliwa Jumatatu, saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi, maana aliyeshika ufunguo wa chumba cha upasuaji alikuwa kwenye semina. Lakini alipasuliwa, na wauguzi wawili waliomhudumia, asema fundi, Mungu awape wanachokitaka.

Leo ni siku ya arobaini na moja hajatoa sauti. Amekatazwa. Anaandika kwenye daftari la shule lenye mistari mikubwa, na ameshajaza matatu. Wiki mbili zijazo daktari atatazama nyuzi zimeponaje. Ndipo itajulikana.

Nilimkuta nyumbani kwake Jumamosi, siku ya mazoezi. Kwaya ilikuwa imejazana sebuleni hadi barazani. Fundi yuko kwenye kompyuta, anawapigia kila kundi sauti yake peke yake, wanaifuata, wanarudia. Mwalimu amesimama mbele na mkono wake. Mwanamume mmoja wa besi akikosea, mkono unasimama hewani, na kila mtu anajua ni nani.

Wanawake wa sauti ya kwanza ndio wanaosogea karibu zaidi na spika, kwa sababu ya ule mnong'ono. Wanauinamia. Kisha wanainuka na kuutoa kwa sauti zao, juu, panapopanda.

Alipoulizwa kama alimsamehe wifi yake, mwalimu aliandika haraka, akaligeuza daftari: "Nimsamehe nini? Ananiosha nywele kila Ijumaa. Anavuta kama anang'oa skrubu."

Fundi alisoma, akasema, "Unaona? Hata bila sauti ana mdomo."

Yeye mwenyewe hasemi kama amejisamehe. Anasema tu kwamba mteja hatatoka tena mikononi mwake bila kuonyeshwa folda zake mbili kwa kidole, na kwamba anaandika karatasi ya kuwafundisha mafundi wenzake jambo hilo, ataibandika madukani bure. Wakubwa hawatamsaidia kuichapisha. Hajawaomba. Ataipiga chapa mwenyewe.

Mazoezi yalipokwisha, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao mlangoni, fundi aliniita nitazame kioo cha kompyuta. Sauti tatu zilikuwa pale na milima yake midogo. Chini yake mnong'ono, milima yake midogo zaidi, kama nyasi. Na chini ya mnong'ono kulikuwa na mstari mwingine ambao hauna kitu, ameufungua siku ile ile ya upasuaji, akauandikia jina: *Wifi, ya kwanza*.

"Mnong'ono siufuti," alisema. "Huo utabaki. Lakini mashine ina nafasi, nimeipima. Akirudi na sauti yoyote ile, hata iwe si ile ya zamani, hata iwe ya chura, nafasi yake ipo. Atakuja, ataketi, nitabonyeza."

Mwalimu alikuwa nyuma yetu, amesimama na daftari lake. Alisoma lile jina kwenye kioo kwa muda mrefu. Alimsogeza wifi yake kwa nyonga, akaketi naye kwenye kiti kile kimoja.